Usukani wa Mikono Mitatu

Binti yangu ni mfupi. Natanguliza hilo kwa sababu bila ufupi wake huenda ningelala usingizi wangu na jambo hili lingenipita. Kimo chake ni changu, na changu ni cha marehemu mama, na hakuna kati yetu aliyewahi kulalamika mpaka yeye alipoanza kuendesha gari. Ili mguu ufike kwenye breki, anavuta kiti mbele mpaka kinagota, halafu anajiwekea mgongoni mto niliomshonea mwenyewe. Ukimwona kutoka nje utadhani ameukumbatia usukani. Ni muuguzi, kazini wanamwita Sista, na sisi nyumbani tukaliokota jina hilohilo.

Siku hiyo alirudi mchana kutoka zahanati, akavua viatu mlangoni, akaniambia huku anacheka, "Mama, gari letu limo kwenye habari!"

"Limefanya nini tena?"

"Si hili lenyewe. Ni magari ya aina yake. Kampuni inayaita yarudi gereji yao yakatengenezwe bure. Ni ule mfuko wa hewa uliomo ndani ya usukani, unaomkinga dereva akigonga. Kuna kikopo cha chuma ndicho kinachoujaza. Sasa kwenye magari mengine kikopo kimeharibika kwa joto na unyevu. Ukigonga, kinapasuka chenyewe, na vipande vinamrukia dereva."

"Vinamrukia wapi?"

Akajigusa hapa, chini ya koo.

Nikaweka chini suruali niliyokuwa naipiga pindo. Yeye alikuwa ameshatoa simu na kadi ya gari. Akabonyeza namba ya chasisi, moja baada ya nyingine, midomo ikimchezacheza. Akangoja. Halafu akanielekezea simu kama mtoto anayeonyesha daftari lenye vema tupu.

"Ona. Letu halimo. Letu ni la miaka ya baadaye, walikuwa wameshabadilisha."

Mimi niliishia darasa la nne, lakini kusoma nasoma. Nafuata kwa kidole na siruki neno. Nikasoma: Gari hili halihusiki. Nikarudia.

"Simu imejuaje kilichomo ndani ya usukani?"

"Simu haijui usukani, mama. Inajua namba, na namba ndiyo gari."

"Na usukani ukibadilishwa?"

Alikuwa ameshaingia jikoni, nasikia mifuniko ya sufuria. "Mjomba alifunga mpya," akasema kutoka hukohuko. "Wa dukani."

Hapo ndipo raha iliponitoka.

Miaka miwili nyuma, Sista aligonga nyuma ya lori lililosimama ghafla mbele yake. Mfuko ulifumuka kama ilivyotakiwa, akatoka na pua iliyochubuka na hofu ya wiki nzima. Gari lilitengenezwa na mdogo wangu, mjomba wake, ambaye mji mzima unamwita Spana. Huyo nilimbeba mgongoni mimi, kabla hajajua kutembea. Alilala chini ya lile gari siku nyingi, akanyoosha boneti, akatafuta taa, na tulipomuuliza ujira akaniambia, "Nikimtoza mpwa wangu, siku nikija kula kwenu nitakaa upande gani wa meza?" Kuhusu usukani akasema amenunua mpya dukani, na kwamba kampuni imebadilisha muundo: ule wa zamani ulikuwa na mikono minne inayoshika duara, huu una mitatu. Sista akafurahi. Akasema gari lake limekuwa la kisasa.

Kava la usukani nilikuwa nimeshamshonea la zamani, lenye nafasi nne za kupitisha mikono. Halikukaa. Ikabidi nipime upya kwa uzi, nikate karatasi ya kipimo, nishone jingine la nafasi tatu. Basi nilipokuwa napima, kidole changu kilipita upande wa kushoto kikakuta mahali pamelainika, pameng'aa kama mpini wa kisu cha jikoni. Na hapo pembeni pana kijialama, kama cha pete. Pete ya mtu mwingine.

Mimi ni mshonaji. Watu huniletea shati wakaapa limetoka dukani jana, nami nikishika tu mkono wake najua limeshakutana na kiwiko. Nilijua. Nikamtazama ndugu yangu, miguu yake ndiyo iliyoonekana chini ya gari, anaimba wimbo anaoujua nusu. Nikanyamaza. Nikalifunika lile doa kwa kava langu, tena kwa mshono mzuri wa kubana, na likabaki limefunikwa miaka miwili.

Kesho yake asubuhi ufunguo wa gari haukuonekana. Sista alipekua mkoba, akapekua makochi, akainua hata godoro. Mimi nikimsaidia kutafuta, Mungu anisamehe, na ufunguo uko kwenye mkebe wa vifungo chini ya cherehani. Mwishowe akaenda kazini kwa miguu huku ananung'unika. Nami nikajitanda nguo yangu, nikaelekea kwa Spana.

Gereji yake ni paa la bati juu ya nguzo nne, nyuma ya kituo cha mafuta. Injini ilikuwa inaning'inia kwenye mnyororo na yeye amesimama chini yake kama mtu anayekagua ndizi.

"Dada! Leo umekuja kwa miguu yako! Cherehani imekufa?"

"Cherehani ni nzima. Nimekuja kuuliza habari za usukani."

"Usukani gani?"

"Wa Sista. Uliutoa wapi?"

"Dukani."

"Duka lipi?"

"Ah, dada, miaka miwili hiyo! Maduka yanafungwa, yanafunguliwa, nitakumbuka lipi?"

Nikavuta kreti la soda, nikaligeuza, nikakaa. Sikusema kitu kingine. Alipokuwa mdogo akiiba sukari sikuwa namchapa. Nilikuwa nakaa karibu naye tu, naendelea na shughuli zangu, mpaka mwenyewe anasema. Safari hii pia nikatoa uzi na sindano mkobani. Akakaza nati. Akailegeza. Akaikaza tena. Nati ikamponyoka ikaangukia kwenye beseni la oili, akaitafuta kwa vidole muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Ulikuwa usukani mzuri," akasema bila kunitazama. "Lile gari nilimoutoa lilikuwa limepigwa nyuma, mbele zima kabisa. Nilikwenda mwenyewe kwa wakata magari nikachagua. Wa dukani ungekuja baada ya miezi, na mtoto anakwenda kazini kwa miguu kila siku."

"Kwa nini ulisema mpya?"

"Ningesema nini? Kwamba mjomba wake amemfungia mtumba?"

"Lile gari lilikuwa la mwaka gani?"

Akachungulia beseni la oili. "La nyuma kidogo ya lenu."

"Umesikia habari ya vikopo?"

"Nimesikia redioni. Nikatazama namba ya gari lenu siku hiyohiyo, dada, usidhani nilipuuza. Simu ikasema halihusiki."

"Namba ni ya gari. Kikopo ni cha gari jingine."

Alichukua kitambaa akafuta mikono. Alifuta mpaka kati ya vidole. Fundi wa miaka thelathini, na hilo halikumpitia kichwani; kwake gari ni namba yake ya chasisi, na chochote alichokifunga humo kwa mikono yake kimeshakuwa cha gari hilo. Alikuwa ameshasahau kwamba ule usukani ulikuwa na kwao.

"Kesho tunakwenda gereji ya kampuni," nikamwambia. "Njoo useme ulivyofanya."

"Niseme mbele ya wale wenye mashati meupe? Hao wananiita fundi wa uchochoroni hata sijafungua mdomo. Na Sista akisikia? Niache, dada. Nitamfungia mwingine kimyakimya, wala hatajua."

"Utautoa wapi? Kwa wakata magari?"

Akakitupa kitambaa begani.

"Mimi niliujua si mpya," nikasema. "Toka siku napima kava. Niliona doa la mkono wa mtu."

Akanigeukia. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukusema!"

"Sikutaka kukuaibisha. Sasa nakuambia, kunyamaza kumenitosha."

"Basi mimi siji," akasema, akarudi chini ya injini yake. Nikaondoka nimemwachia kreti lake.

Sista aliporudi nilimwambia upande wangu. Nilimwambia usukani si mpya, nilijua, sikusema. Ya mjomba wake nikasema atayasema mwenyewe. Alinisikiliza amesimama, soksi mkononi.

"Na ufunguo?"

"Uko kwenye vifungo."

"Mama! Nimechelewa kazini, nimemsemea ovyo mtoto wa jirani nikidhani kauchezea, na wewe unainua mito pamoja nami!"

Aligomba kwa ajili ya ufunguo mpaka maji ya chai yakakauka jikoni. Nilimwacha. Halafu akakaa kitako sakafuni, akaweka kiganja chini ya koo, palepale alipokuwa amepagusa jana yake.

"Kila siku, mama," akasema. "Miaka miwili."

Gereji ya kampuni ina sakafu unayoweza kulia chakula. Tulikwenda bila gari, maana nilimkataza asiliwashe. Nilibeba mkoba wangu, na ndani yake kava la zamani na vile vipimo viwili vya karatasi. Situpi kipimo, mwili wa mtu hubadilika na kurudi. Binti wa mapokezi alitusalimia kwa adabu, akachukua kadi, akaandika namba.

"Halihusiki, bibi. Mnaweza kwenda kwa amani."

"Amani ndiyo tumeikosa, mwanangu," nikamwambia, nikatandaza karatasi zangu juu ya meza yake. "Hii niliikata gari lilipokuwa jipya. Hesabu hizi nafasi."

"Nne."

"Na hii ni ya usukani ulioko sasa."

"Tatu," akasema. Akatazama moja, akatazama nyingine. Sikuona dharau kwake, nitakuwa mwongo nikisema nimeiona. Alinyanyua simu akamwita fundi mkuu.

Fundi mkuu alikuja na kalamu sikioni, mtu mzima mwenye kitambi cha kutosha. Kwanza alitabasamu. "Bibi ametuletea ramani." Kisha akainama kwenye kompyuta ya yule binti, akafungua picha, akafungua nyingine.

"Gari la mwaka wenu lilitoka kiwandani na mikono minne," akasema polepole. "Mitatu ni ya miaka ile iliyomo kwenye orodha."

Sista akanishika mkono.

"Lakini mama, karatasi ni karatasi. Hii inaweza kuwa ya gari lolote. Siwezi kuanza kupasua usukani wa gari ambalo kompyuta inaniambia ni zima, na hata gari lenyewe silioni. Nani aliufunga? Huyo ndiye wa kuulizwa."

Sista akanitazama. Alikuwa anajua, bila shaka. Hakuna mwingine anayegusa gari lake. Lakini alikuwa ananingoja mimi.

"Tutasubiri kidogo," nikasema.

"Mnasubiri nini, bibi?"

"Hatuna haraka."

Tukakaa kwenye benchi. Nikatoa uzi. Watu waliingia na kutoka, mwingine kaja na ufunguo unaolia wenyewe, mwingine anagombana na yule binti kuhusu rangi. Sista aliniuliza mara mbili kama atakuja. Mara zote mbili nilisema sijui, kwa sababu nilikuwa sijui.

Saa tano hivi, geti likafunguliwa, likaingia gari la kuvuta magari, kuukuu, mlango mmoja wa rangi nyingine. Nyuma yake gari letu, limeinuliwa magurudumu ya mbele. Jinsi alivyolifungua bila ufunguo sikuuliza. Spana akashuka, shati safi, nywele zimepakwa maji, amekumbatia betri ya gari kifuani kama mtoto mchanga.

"Betri nimeitoa tangu nyumbani," akamwambia fundi mkuu kabla ya salamu. "Umeme wa mfuko umeshaisha, hautafumuka mkiufungua."

Fundi mkuu akamtazama vizuri. "Wewe ni nani?"

Spana akaiweka betri chini. Watu wote wa benchi walikuwa wanasikia.

"Ndiye niliyeufunga. Niliutoa kwenye gari lililokatwa. Mpwa wangu huyu nilimwambia ni mpya. Si mpya."

"Mjomba," Sista akaanza.

"Ngoja nimalize, mama yangu. Ukinikatisha sitarudia." Akafuta viganja kwenye suruali. "Nilitaka uendeshe haraka, nikataka na sifa. Basi."

Sista akainuka, nikadhani atasema neno la kuumiza, anao ulimi, ameurithi kwa babu yake. Akamwambia, "Na mimi nikawatambia wenzangu zahanati kwamba mjomba wangu hafungi vitu vya mitumba!"

"Uliwatambia?"

"Kila siku."

"Basi tumeumbuka wawili," Spana akasema, na mtu mmoja wa benchi akacheka, nasi tukapata pumzi.

Walilisukuma gari ndani. Baada ya muda fundi mkuu alirudi na sinia dogo, juu yake kikopo cha chuma kinachoenea kiganjani. Ungekiona jikoni ungekitia chumvi. Alisoma namba yake kwa sauti na yule binti akawa anaiandika. Kompyuta ikafikiri. Kisha binti akaigeuza tuisome sote, nami nikafuata kwa kidole. Kimo kwenye orodha.

"Hiki tulishakifuta," fundi mkuu akasema. "Gari lake liliandikwa limekufa. Tukajua na chenyewe kimekwenda." Akapiga simu kwa wakubwa wake, akaeleza, akaeleza tena, akakaza sauti mara moja. Alipoikata akasema, "Wamekubali. Kilicho kibovu ni kikopo, kiwe ndani ya gari lolote. Tutafunga usukani mzima mpya, wa mikono minne kama ulivyozaliwa, na hamtatoa kitu." Halafu akamwelekea Sista. "Unakaa karibu mno, dada. Ule mto wa mgongoni nani alikuwekea?"

Nikanyoosha mkono mwenyewe.

"Uwe mwembamba, bibi. Mwingine akalie, apate kimo. Kifua kikae mbali na usukani."

Nikasema nimesikia. Nilidhani yamekwisha. Lakini fundi mkuu alikuwa bado ameshika lile sinia, anamtazama Spana.

"Lile gari lililokatwa lilikuwa na mifuko miwili. Wa upande wa abiria uko wapi?"

Spana akakaa kwenye benchi karibu yangu. Nilimsikia akivuta pumzi kwa pua kama alivyokuwa akifanya utotoni.

"Niliufunga kwa mtu wa mikate," akasema. "Kwenye kigari chake cha kusambazia."

"Anakaa nani upande huo?"

"Mkewe. Ndiye anayeshika trei."

Hakuna aliyemwambia la kufanya. Alikaa hivyo kidogo, mikono magotini. Kisha akanitazama, nami sikumtazama. Niliendelea na uzi wangu. Akainuka.

"Saa hizi wako soko la juu," akasema. "Huyo si mpwa wangu. Huyo atanitukana."

"Atakutukana," Sista akakubali. Alikuwa anavaa viatu vyake, maana alikuwa amevivua chini ya benchi, hiyo ndiyo tabia yake. "Twende. Wewe utasema, mimi nitasimama pembeni na sare yangu. Watu hawamtukani sana mtu aliyekuja na muuguzi."

Wakatoka, wakapanda lile gari la kuvuta, likakohoa, likashika barabara.

Mimi nilibaki kusubiri gari. Nilikwenda lilikokuwa, nikauchukua mto kitini, nikarudi nao benchi. Nikaufumua ubavuni kwa ncha ya mkasi, nikaanza kutoa pamba, konzi kwa konzi, naitia kwenye mfuko wa plastiki alionipa binti wa mapokezi. Itatosha mto mwingine wa kukalia. Yule binti alikuja kuniuliza kama ninahitaji chai, nikasema sukari kidogo. Fundi mkuu alipomaliza aliniita, nikalijaribu lile kava la zamani kwenye usukani mpya. Lilikaa kama limezaliwa nalo, mikono minne, nafasi nne. Nikapitisha kidole kote kabla ya kulifunga. Hapakuwa na doa la mtu.

Nilikuwa nimefika mshono wa mwisho wa mto niliposikia geti. Gari la kuvuta liliingia taratibu, na nyuma yake kigari cha mikate, kimeinuliwa mbele, kimeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu. Kwenye kiti cha nyuma cha gari la kuvuta alikaa mwanamume amenuna, na kando yake mwanamke mwenye aproni, anazungumza mfululizo, anamsemesha Spana kisogoni. Spana alikuwa anaendesha ametazama mbele, anaitikia kwa kichwa.

Sista alikaa kando yake. Alikuwa amekumbatia betri ya kigari kile.